Sofia wa Buruburu

"Sofia ni mimi."

Hapo ndipo tulipomwacha Nasambu wiki iliyopita, ndugu msomaji. Mlangoni, sanduku mkononi, jua la Julai likimchoma utosi, na mbele yake mwanamke mwenye gauni jeupe amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Nasambu alikuwa amesema tu, "Samahani, hapa ni kwa Mama Dorotea? Mwambie Sofia amefika."

"Sofia ni mimi," yule mwanamke akarudia. "Wewe ni nani?"

Kama umejiunga nasi leo, usihangaike. Nasambu ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, mkazi wa Buruburu Phase Three, Nairobi, na kwa miaka sita amekuwa akijiita Sofia. Ndiyo kazi yake. Watu wanaokodi nyumba za likizo katika mji wa kale wa Torresanta, kule Italia kwenye bahari ya Mediterania, wakipotea njia au wakikosa maji hupiga simu. Simu hiyo haipokelewi Torresanta. Hupokelewa na Nasambu, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya rafiki yake Teresiah, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo. Jina la Sofia alipewa na kampuni siku ya kwanza kazini. Walisema wageni hupenda jina la huko.

Mwenye nyumba hii, bibi wa miaka themanini na mitatu aitwaye Dorotea, alizoea kumpigia kila asubuhi. Kwanza aliulizia wageni. Baadaye akawa anauliza kama Nasambu amelala vizuri, amekula nini, mbona anakohoa. Kisha mwezi wa tano ikaja barua ya mwaliko, ikaja visa, ikaja ndege.

Na sasa hii.

Nasambu akatua sanduku chini.

Kutoka ghorofani ikashuka sauti ya mwanamume. "Sofia! Maji ya moto hayatoki!" Akatokeza ngazini mgeni mmoja mnene, taulo kiunoni, povu la sabuni masikioni.

"Nitamwita fundi," akasema mwanamke wa gauni jeupe.

"Hakuna haja ya fundi," Nasambu akasema kabla hajajizuia. "Kile kishikio cha buluu usikipeleke kulia. Kipeleke kushoto, hesabu mpaka ishirini, ndipo ufungue bomba."

Mgeni akasimama kama aliyepigwa na umeme. "Hiyo sauti! Ni wewe uliyenielekeza Jumapili kutoka stesheni. Wewe ndiye Sofia wa simu!"

Akapanda mbio. Punde maji yakasikika yakimwagika huko juu.

Mwanamke wa gauni jeupe alimtazama Nasambu kuanzia kofia mpaka viatu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Ingia."

*

Jikoni mlikuwa na giza la baridi, madirisha yamefungwa kuzuia joto. Nasambu alilijua jiko lile. Alijua droo ya vijiko, alijua kigae kilichopasuka kando ya jokofu. Aliviona kwenye picha mara elfu. Kitu pekee asichokijua ni kwamba dari ilikuwa chini hivi.

Mwenyeji wake akajimiminia maji, akanywa. Hakumkaribisha.

"Mama yuko wapi?" Nasambu akauliza.

"Nyumba ya wazee ya masista, karibu na lango la kusini. Tangu Aprili. Haoni tena hata mwanga."

"Hakuniambia kamwe. Na simu yake haipatikani wiki mbili sasa."

"Nimeizima mimi."

"Kwa nini?"

Yule mwanamke akaweka glasi mezani kwa kishindo. "Kwa nini? Niliondoka katika nyumba hii miaka kumi na tisa iliyopita, mimi na mama yangu tumetupiana maneno yasiyosemeka. Mwezi huu nimerudi kumwomba msamaha. Nikamshika mkono, nikamwambia, Mama, ni Sofia. Unajua alinijibu nini? Alisema, Sofia huzungumza nami kwa simu kila asubuhi. Wewe sikujui."

Nasambu akatazama sakafu.

"Umenichukulia mama," akasema yule mwanamke.

"Nilikuwa kazini, dada yangu."

"Kazini! Kampuni ndiyo ilikutuma umwite Mama?"

Kampuni haikumtuma. Siku aliyoteleza ulimi akasema "ndiyo, Mama", bibi aliendelea na habari ya nyanya za bustanini mwake kana kwamba hakuna lililotokea. Tangu siku hiyo Nasambu hakulirudisha neno lile. Katika chumba chake hapakuwa na mtu mwingine wa kuitwa chochote.

"Na kuja huku, nani alikualika?"

"Yeye mwenyewe. Barua hii hapa."

Yule mwanamke aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Mtu asiyeona ataandikaje barua? Na jina hili, Nasambu, ndilo lako?"

"Ndilo langu."

"Ulimwambia lini?"

Nasambu alishtuka. Hakuwahi kumwambia. Kampuni ilikataza. Kule Nairobi barua ilipofika, alidhani kampuni ndiyo imempa bibi jina. Sasa hakuwa na uhakika.

Mwenzake akaikunja barua, akaiweka mezani, akavuta kiti karibu. Sauti yake ikalainika.

"Nisikilize. Leo saa sita masista wananisubiri. Wamesema watanipa nimchukue, nimtunze mimi mwenyewe, iwapo atakubali kwamba mimi ni mwanawe. Kila nikienda ananiuliza swali lilelile, na mimi jibu silijui. Wewe unalijua."

"Swali gani?"

"Twende utalisikia. Lakini usifungue mdomo. Akiisikia sauti yako tu, mimi nimekwisha."

"Nimetoka Nairobi kuja kumwona. Nikae kimya kama kiti?"

"Umekuwa naye miaka sita. Nipe dakika kumi."

Hapo akalia. Machozi ya kweli, msomaji, yakidondokea lile gauni jeupe. Na Nasambu akamkumbuka mama yake mwenyewe, aliyekufa Bungoma wakiwa hawajasemezana miaka mitatu kwa sababu ya neno moja la hasira kwenye harusi. Alifika kaburi limeshafunikwa.

"Nitanyamaza," akasema, akaliacha sanduku lake kando ya jokofu.

*

Torresanta mwezi wa saba ni tanuri lenye kuta. Mawe meupe chini, mawe meupe kushoto, mawe meupe kulia, na nyenje wakipiga kelele kwenye misonobari nje ya ukuta kama mashine ya kusaga isiyozimwa. Watalii walipita makundi kwa makundi nyuma ya mtu mwenye mwavuli mwekundu. Kila kundi likamkwepa Nasambu, likaungana tena mbele yake.

Alikuwa akizitambua nyumba zote. Mlango wa kijani: ufunguo chini ya chungu cha mrehani. Mlango wa kijivu: usukume kwa bega. Alitaka kumwambia mtu. Mwanamke wa gauni jeupe alikuwa hatua kumi mbele, hageuki.

Simu ikalia. Teresiah.

"Wewe! Umefika ukatutupa? Huku ni baridi ya kukata masikio, mimi nimevaa sweta mbili. Eh, umemwona mama yako wa simu?"

Nasambu alisimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta. "Nimemwona."

"Alifurahi?"

"Sana. Tumekunywa chai."

"Asante Yesu. Nilikuwa nakuombea. Ngoja, Whitney anataka kukusalimia."

Binti wa Teresiah akanyakua simu. "Auntie, niaje! Tuma picha basi za hiyo mji. Hata moja tu, nipost."

"Nitatuma, mama."

"Na uingie ndani ya picha, si ukuta tupu!"

Nasambu akakata. Alinyoosha simu, akajitazama kwenye kioo chake: kofia, jasho, na nyuma yake mawe. Hakupiga picha.

*

Chumba cha bibi kilikuwa mwisho wa ushoroba mrefu unaonukia sabuni. Mama mkuu wa masista alikuwa tayari ameketi, faili magotini. Sista mmoja kijana, Agata, alisimama na kikombe cha maji. Nasambu akabaki mlangoni, alivyoagizwa.

Basi yule ndiye.

Mdogo. Mdogo kuliko sauti yake. Nywele kama pamba, mikono imelala kwenye mapaja kama vitu alivyoombwa avishike kidogo. Alikuwa ameelekea dirishani, asikokuona.

Nasambu akavuta pumzi.

Mwanamke wa gauni jeupe akapiga magoti. "Mama, ni mimi. Sofia."

"Sofia yupi?"

"Mwanao."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Wanaojiita Sofia ni wengi. Niambie basi. Leo umefungua dirisha la upande gani?"

Nasambu akashika fremu ya mlango.

Swali lile! Miaka sita iliyopita, asubuhi ya pili kazini, bibi alimuuliza hivyo ghafla kwenye simu. Nasambu alidhani anapimwa na mwenye nyumba. Akaangalia picha za nyumba kwenye kompyuta, akajibu, "La bahari, Mama Dorotea." Bibi akacheka mpaka akakohoa. Ikawa desturi. Kila asubuhi swali, kila asubuhi jibu. Na Nasambu alilijibu akiwa ameketi mbele ya dirisha lake la pekee, linalotazama ukuta wa jirani na nguo za Whitney.

Mwanamke aliyepiga magoti akageuka kumtazama. Macho yake yaliomba.

Maneno matatu. Nasambu angeyasema tu, na mikono ile ingeinuka kumpokea. Alikuwa ameruka bara zima kwa ajili ya mikono ile. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akimuuliza amelala vipi.

Akainua kidole. Akaonyesha dirishani, pale bahari ilipong'aa kati ya mapaa mawili. Kisha akayatamka yale maneno kwa midomo tu, bila sauti, polepole, mara mbili.

"La bahari, Mama," akasema mwanamke wa gauni jeupe.

Mama mkuu akainua macho kutoka kwenye faili.

Bibi Dorotea hakumgeukia aliyejibu. Uso wake ulizunguka polepole ukaelekea mlangoni, ukabaki hapo. Machozi mawili yakamshuka.

"Sawa," akasema.

Mama mkuu akafungua kalamu yake, akaandika.

Nasambu aliondoka kabla hajaona kukumbatiana. Ushorobani hakuna aliyemfuata.

*

Hakuwa na pa kwenda, akapanda ukutani.

Ukuta wa Torresanta unauzunguka mji mzima, na juu yake watu hutembea upande mmoja tu, kama maji mferejini. Ukiingia umeingia, njia ya kutokea iko mwisho kabisa, mwendo wa nusu saa. Nasambu alipita chuma cha kuzunguka kilichoziba mlango wa kuingilia, akaanza kutembea.

Upande mmoja bahari, buluu ya kuumiza macho. Upande wa pili mapaa, nguo zilizoanikwa, paka waliolala kama wamekufa. Familia moja ikamwomba awapige picha. Akawapiga. Nyingine ikaona, ikaomba nayo. Alipiga picha za familia sita. Mama mmoja akamuuliza kofia ni ngapi. Alidhani anaiuza ile aliyoivaa.

"Si ya kuuza," Nasambu akasema.

Alikaa kwenye kijiwe cha kivuli na kujaribu kupanga siku zake. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya wiki ijayo. Siku saba. Angekula wapi, angesema na nani? Na akirudi Buruburu, saa tatu asubuhi ikifika, angekaa mbele ya dirisha lake akiitazama simu inayopigwa na watu wanaotafuta taulo tu.

Alisema moyoni kwamba amefanya jambo jema. Jambo jema lile lilimkaa kifuani kama jiwe.

"Nasambu! Bi Nasambu!"

Akaruka. Tangu atue uwanja wa ndege, hakuna mtu aliyekuwa amemwita jina hilo.

Alikuwa Sista Agata, anakimbia kwenye jua kali, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, anapasua katikati ya watalii.

"Nimekutafuta mji mzima!"

"Jina langu umelijuaje?"

"Barua niliiandika mimi!" Agata akahema, akajishika mbavu. "Yeye alikuwa akisema, mimi nikiandika. Jina lako alinitajia silabi kwa silabi. Na. Sa. Mbu."

"Mimi sikuwahi kumwambia."

"Alisikia kwenye simu. Kuna siku mlikuwa mkizungumza, na mtu nyuma yako akaita jina hilo kwa nguvu, wewe ukaitika."

Nasambu akakumbuka. Mvua ya ghafla, mwaka juzi. Teresiah akipiga kelele kutoka jikoni: Nasambu, anua nguo!

"Kwa hiyo alijua mimi si Sofia?"

"Alijua tangu siku ya kwanza." Agata alimshika mikono yote miwili. "Dada, Sofia alikufa. Alifia ugenini miaka kumi na tisa iliyopita. Bibi alisafiri akamzika mwenyewe, akarudi, hakumwambia mtu yeyote mjini. Watu wanadhani binti alikwenda zake tu."

Nyenje wakanyamaza. Au masikio ya Nasambu ndiyo yaliyoziba.

"Yule mwanamke ni nani, basi?"

"Sijui. Bibi pia hajui. Amemwambia Mama mkuu mara tatu kwamba yule si mwanawe. Mama mkuu ameandika kwenye faili kwamba mgonjwa anapoteza kumbukumbu."

"Mungu wangu. Mbona leo amekubali? Mbona amesema sawa?"

Sista Agata akasita. Alionekana kama mtu anayebeba kitu cha moto na hana pa kukiweka.

"Alikusikia," akasema. "Anasema unapumua vilevile unavyopumua kwenye simu kabla hujamjibu. Alijua upo mlangoni, na alijua jibu limetoka kwako. Ulipoondoka aliniita karibu, akaninong'oneza: Kama Nasambu ndiye aliyempa jibu, basi ana sababu yake. Nitakwenda na huyu mwanamke."

Nasambu akaushika ukingo wa ukuta.

"Lini? Anamchukua lini?"

"Walisema kesho. Lakini gari..." Agata akageuka, akainama ukingoni, akaelekeza kidole chini.

Nje ya lango la kusini lilikuwa limesimama gari jeupe, milango miwili wazi. Mwanamke wa gauni jeupe alikuwa akipakia mkoba mdogo. Kando yake, kwenye kiti cha magurudumu, kichwa cheupe kama pamba, bila kofia, kwenye jua lile.

Nasambu akajaza mapafu. Sauti ya Sofia haikumjia mdomoni, wala Kiingereza cha kazini. Lililomtoka ni neno la nyumbani, la Kibukusu, la kumwita mama, ambalo hakulitumia tangu Bungoma.

"Mayi!"

Watalii wakageuka. Chini kule, kichwa cheupe kikainuka, kikatafuta angani.

"Mayi! Usiende! Nilikosea! Usiende naye!"

Mkono wa bibi ukatoka, ukapapasa hewani, ukaushika mlango wa gari, ukang'ang'ania. Mwanamke wa gauni jeupe akatazama juu mara moja tu. Kisha akainama na kuanza kuvibandua vile vidole kimoja kimoja.

Nasambu alikuwa tayari anakimbia. Alirudi alikotoka, kinyume cha watu wote, akiwagonga mabegani, wakimwambia kwa lugha tano kwamba huko siko. Alijua kwamba siko. Nyuma yake Agata alikuwa akipiga kelele wampishe njia.

Akafika kwenye kile chuma cha kuzunguka. Akakisukuma. Kikagoma. Akakisukuma kwa bega, kwa nyonga, kwa uzito wake wote. Kilikubali kuzungushwa kwa kuingia tu, si kwa kutoka.

Nasambu akavua viatu, akavirusha ng'ambo, akakikamata kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto kama kikaango.

Chini ya ukuta, mlango wa gari ukafungwa, na injini ikawaka.